Bei ya Silaha Si Siri ya Vita

Mwenyekiti, wakufunzi, wageni wetu kutoka jeshini, na nyinyi wanafunzi wa uhasibu na ugavi mliojaza ukumbi mpaka mlangoni: itifaki imezingatiwa.

Mada niliyopewa ni matumizi ya fedha za ulinzi, na najua hapa kwetu mtu akiitaja kwa sauti wenzake humtazama kwa wasiwasi. Basi niseme mapema nimesimama wapi. Nataka jeshi lenye nguvu. Nchi kama Tanzania yetu, inayopakana na nchi nane, yenye pwani ya zaidi ya kilomita 1,400, hailindwi kwa hotuba kama hii yangu. Sikuja kuwaambia kwamba pesa za mizinga zote zigeuzwe madawati. Nina hoja moja tu, nimekaa nayo tangu nikiwa mkaguzi wa hesabu. Mpango wa vita ni siri. Mahali silaha zilipo ni siri. Bei tuliyolipa si siri, na tukikubali nayo ifichwe, anayelindwa hapo ni dalali.

Wa umri wangu mnaikumbuka rada. Nyinyi vijana mlikuwa hamjazaliwa, kwa hiyo mnivumilie niisimulie.

Mwaka 1999 serikali yetu ilisaini mkataba na BAE Systems ya Uingereza wa kununua mfumo wa rada uitwao Watchman, kwa pauni milioni 28, karibu dola milioni 40 za wakati ule. Fedha zilikuwa za mkopo kutoka benki ya Barclays. Novemba 2001 tukafikia hatua ya kufutiwa madeni chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Mwezi uliofuata, Desemba, serikali ya Tony Blair ikatoa kibali cha kutuuzia rada. Waziri wake wa maendeleo ya kimataifa, Clare Short, alipinga waziwazi. Benki ya Dunia nayo ilipinga. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga walioupitia mfumo wenyewe walisema ni ghali, tena hautoshelezi kazi ya kuongoza ndege za abiria. Jibu lilikuwa kwamba rada ina kazi mbili, ya kiraia na ya kijeshi. Ilipotajwa hiyo ya kijeshi, swali la bei likakosa pa kuingilia.

Miaka ikapita. Ofisi ya Uingereza inayochunguza udanganyifu mkubwa ikakuta kwamba dola milioni 12.4, kama asilimia 31 ya bei, zilikuwa zimelipwa kwa kampuni za wakala mmoja aliyekuwa Dar es Salaam. Desemba 2010 BAE ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu. Jaji alisema ungekuwa ujinga mkubwa kuamini kwamba mtu yule alikuwa mpiga debe tu anayelipwa vizuri. Kampuni ikatozwa faini ya pauni 500,000, na kwa makubaliano ikatoa pauni milioni 29.5 kwa ajili ya Watanzania. Fedha hizo zilifika 2012 zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Huku nyuma, waziri mmoja wa hapa alipoulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni moja zilizokutwa kwenye akaunti yake kisiwani Jersey, alijibu kuwa ni vijisenti. Alikana kosa, akajiuzulu uwaziri Aprili 2008, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Ndivyo ilivyoisha kwa upande wetu.

Sasa ipigieni hesabu kama watu wa ugavi. Katika kila shilingi tatu, karibu moja haikununua hata skrubu. Adui akitaka kuharibu theluthi ya rada yako anahitaji bomu na rubani jasiri. Hapa ilitosha ankara.

Linaloniudhi zaidi ni hili. Bei ile ilifichwa kwa nani? Muuzaji aliijua. Benki iliyokopesha iliijua. Baraza la mawaziri la Uingereza liliijua, wabunge wa London wakaijadili na maneno yao yakachapishwa, kila balozi wa nchi yoyote aliweza kuyasoma akinywa chai. Kama tungekuwa na adui wakati ule, alikuwa na taarifa nzuri kuliko mbunge wa Kigoma. Na hali bado ni hiyo: taasisi ya utafiti wa amani ya SIPRI, ya Stockholm, kila mwaka hutoa takwimu za nani kamuuzia nani ndege, kifaru au meli. Wa mwisho kujua ni aliyelipa.

Mtaniambia, mzee, unataka wanasiasa waingie vyumba vya ramani? Hapana. Na kuna mfano mzuri wa mtu aliyeujua mpaka huo.

Machi 1941, Marekani ikijiandaa kwa vita, Seneti yake iliunda kamati ya kuchunguza matumizi ya ulinzi na kumpa uenyekiti seneta wa Missouri ambaye wengi hawakumjua, Harry Truman. Bajeti ya kuanzia ilikuwa dola 15,000. Kabla ya hapo alikuwa ameendesha gari lake mwenyewe kambi kwa kambi akaona mbao zinaozea mvuani na makandarasi wanaolipwa kwa namna kwamba wakizidisha gharama faida nayo inazidi. Vita ilipoingia hakusimama. Mwaka 1943 kamati yake ilifichua kiwanda kilichokuwa kikighushi vipimo vya chuma cha kuundia meli, na kingine kilichokuwa kikipeleka jeshini injini mbovu za ndege. Hebu fikirini: rubani yuko angani juu ya Pasifiki, na injini yake imepitishwa kwa muhuri wa uongo. Aliyemtetea rubani yule ni seneta mwenye kalamu.

Lakini Truman aliusoma pia uchunguzi wa wabunge wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, uliowasumbua majenerali kwa kuwaelekeza namna ya kupigana, akasema kamati yake haitagusa mbinu za vita. Na 1943 waziri wa vita, Henry Stimson, alipomwomba aache kuulizia viwanda fulani vikubwa visivyoelezeka, aliacha. Vilikuwa vya bomu la atomiki. Alielewa ni siri ipi ya nchi na ni siri ipi ya mkandarasi. Ni kweli Marekani hiyohiyo leo si mfano wa kuiga: Pentagon, yaani wizara yake ya ulinzi, ilifanyiwa ukaguzi kamili wa kwanza mwaka 2018, na tangu hapo haijawahi kupata hati safi hata mara moja, na bajeti yake inapita dola bilioni 800. Wakubwa nao wanapotea.

Turudi nyumbani kwenye aina ya upotevu ninayoiona mbaya kuliko zote, kwa sababu haina hata mtambo wa kuonyesha. Wanajeshi hewa.

Mnawafahamu wafanyakazi hewa wa halmashauri. Huyo akilipwa, tunapoteza mshahara. Mwanajeshi hewa ni jambo jingine. Kamanda anatazama ramani, anaona pale mtoni kuna bataliani nzima, anapanga kwa idadi hiyo. Kumbe nusu ya majina ni ya waliokufa, waliotoroka, na ambao hawakuwahi kuzaliwa. Uganda ilipitia hayo wakati inapigana na waasi wa LRA kaskazini, wanavijiji wakitekwa usiku kwa usiku. Mwaka 2008 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani aliyekuwa kamanda wa jeshi, Meja Jenerali James Kazini, kwa hasara iliyotokana na majina hewa. Nchi hiyohiyo mwishoni mwa miaka ya 1990 ilinunua helikopta za kivita kutoka Belarus ambazo zilipofika hazikufaa kuruka, na tume ikaundwa kuchunguza. Hiyo ndiyo kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Iraq ni mbaya zaidi. Juni 2014 Mosul, mji wa pili kwa ukubwa, uliangukia mikononi mwa wapiganaji waliokuwa wachache sana kuliko askari walioandikwa kuulinda. Kabla mwaka haujaisha, waziri mkuu Haider al-Abadi alitangaza kuwa wamegundua askari hewa 50,000 katika divisheni nne tu. Walikuwa wakilipwa kila mwezi. Siku ya siku ilipofika, hawakuwepo.

Dawa yake inajulikana, na ilijaribiwa hapa jirani. Kongo, baada ya vita, mishahara ya askari ilikuwa ikipita kwa makamanda kwa fedha taslimu: mkubwa anapewa gunia la noti la brigedi nzima, mengine mnayajua. Kuanzia 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya, EUSEC, ulisaidia kutenganisha njia ya mshahara na njia ya amri. Askari wakahesabiwa mmoja mmoja, alama za vidole zikachukuliwa, baadaye wengi wakaanza kulipwa kupitia benki. Idadi iliyodaiwa ikashuka kwa kishindo. Hakuna risasi iliyopungua, hakuna kambi iliyofungwa, jeshi halikupoteza mtu hata mmoja aliye hai. Sitawadanganya kwamba hilo liliiponya Kongo. Goma ilianguka Novemba 2012 na ikaanguka tena Januari 2025, kwa sababu nyingi zinazozidi hesabu za mishahara. Ila angalau walijua wana askari wangapi.

Na Kenya? Wakenya mliomo humu mnaijua KNS Jasiri. Mkataba ulisainiwa 2003, meli moja ya doria iundwe Hispania, bei ikitajwa shilingi bilioni 4.1 za Kenya. Ikaundwa. Kisha ukazuka moto wa kashfa ya Anglo Leasing, mikataba ya usalama iliyosainiwa gizani ikaanza kuchunguzwa, malipo yakasimama, na meli ikabaki imefungwa kamba bandarini Ulaya. Ilifika Mombasa 2012. Haya, miaka hiyo katikati kulitokea nini baharini kwetu? Maharamia wa Kisomali! Kati ya 2008 na 2011 walikuwa wakiteka meli mpaka mbali kabisa na pwani. Septemba 2008 waliiteka MV Faina ikielekea Mombasa na vifaru 33 aina ya T-72. Serikali ya Kenya ikasema vifaru ni vyake, nyaraka zikaelekeza Sudan Kusini, na dunia nzima ikawa inasoma orodha ya mzigo ambao raia wa kawaida Mombasa hakupaswa kuujua. Wakati huo meli ya kulinda bahari ile ilikuwa inapata kutu ugenini kwa sababu mkataba wake ulikuwa hausimamiki ukimulikwa. Anayesema maswali ya wakaguzi ndiyo yaliyoichelewesha amekosea mahali pa kuanzia. Mkataba ungekuwa safi tangu 2003, swali lingejibiwa kwa barua moja.

Naona muda unakwenda, lakini Afrika Kusini siwezi kuiruka, maana pale upotevu ulikuwa wa aina ambayo wengi hatuihesabu kabisa.

Mwaka 1999 walitia saini ununuzi mkubwa wa silaha, bei ya awali ikiwa kama randi bilioni 30: manowari nne, nyambizi tatu, ndege za mafunzo 24 aina ya Hawk na ndege vita 26 aina ya Gripen. Rushwa ya ununuzi ule imewapeleka watu jela na bado inazungumzwa mahakamani, sitaingia huko. Nazungumzia vitu vyenyewe. Gripen ni ndege nzuri. Ila ndege hainunuliwi mara moja. Unainunua siku ya kwanza, halafu unaendelea kuinunua miaka 30 kwa mafuta, vipuri, mafunzo ya marubani na mafundi, na mkataba wa matengenezo. Bajeti haikuwa na sehemu hiyo. Baadhi zikawekwa kwenye hifadhi, na kuanzia 2021 ndege zote zikakaa chini kwa karibu mwaka mzima kwa kukosa mkataba wa matengenezo, mpaka uliposainiwa mpya Septemba 2022. Januari 2025 askari 14 wa Afrika Kusini waliuawa huko Sake na Goma, mashariki mwa Kongo. Walikuwa katika kikosi cha SADC pamoja na ndugu zetu wa Tanzania na wa Malawi, na malalamiko makubwa ya waliokuwepo yalikuwa kukosa msaada wa anga.

Kwa hiyo nikisema tupunguze matumizi, msinisikie kama wale wanaosema kata asilimia kumi kila fungu. Hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote, na wizara za fedha zinaipenda kwa sababu haihitaji kufikiri. Ukikata asilimia kumi kwa kila fungu, mkataba mkubwa wa kigeni haukatiki, una vifungu vya adhabu. Mishahara haikatiki, utazua maasi. Kinachobaki kukatwa ni mafuta ya mazoezi, risasi za kulenga shabaha, dawa za zahanati ya kambi, matairi. Yaani unakata jeshi na kubakiza gharama.

Nguvu ya jeshi inatoka wapi basi? Novemba 1978, Mwalimu aliposema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, hebu tujiulize uwezo ule ulikuwa nini. Amin alikuwa na ndege za MiG na vifaru, alikuwa ameimwagia fedha jeshi lake huku viwanda vya Uganda vikifa. Sisi tulikuwa na mgambo walioitwa kutoka mashambani, malori na mabasi yaliyochukuliwa kwa wenyewe, mizinga, na yale makombora ambayo Waganda waliyaita saba saba. Kilichobeba vita ni usafirishaji: chakula na risasi kufika Kagera, daraja la Kyaka likiwa limevunjwa. Machi 1979 Gaddafi, rafiki wa Amin, alituma ndege ya kisasa ya Tupolev kushambulia Mwanza. Ikakosa shabaha na kuua swala kwenye hifadhi ya kisiwa cha Saanane. Ndege ya mabomu yenye mwendo wa kasi kuliko sauti! Vita ile ilitugharimu, inakadiriwa dola milioni 500, na foleni za sukari na sabuni za miaka iliyofuata hazikuwa bahati mbaya. Tuliilipa kwa sababu wananchi walijua wanalipia nini.

Nikipewa nafasi ya kuomba, ningeomba mambo machache, na hakuna hata moja linalogusa siri ya vita. Kila mkataba wa silaha uletwe na gharama ya miaka yote ya matumizi, si bei ya kununulia peke yake; usipoletwa nayo urudishwe. Jina la wakala na kamisheni yake viandikwe ndani ya mkataba, na wakala asiyeandikwa akilipwa mkataba uvunjike wenyewe. Mshahara wa askari uingie kwenye akaunti yake bila kupita mkononi mwa mkubwa wake. Wakaguzi wachache wafanyiwe upekuzi wa usalama sawasawa na maofisa, waapishwe, kisha waruhusiwe kuingia bohari na kuhesabu. Kamati ya Bunge isikilize mlango ukiwa umefungwa, lakini ikitoka isome jumla ya bei na jina la muuzaji kwa sauti. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 229, inataka mkaguzi mkuu athibitishe kama fedha za umma zimetumika kihalali na kwa ufanisi au la. Hilo neno la pili, ufanisi, ndilo ningependa tuliazime. Rada ile ingeweza kupita kwenye la kwanza kama risiti zingepangwa vizuri.

Jeshi lenyewe litanufaika kuliko mtu yeyote. Maofisa niliowahi kukaa nao meza moja, wengi wao, hawaukasirikii ukaguzi. Wanakasirikia kuletewa kitu ambacho hawakukiomba, kilichochaguliwa na mtu asiyekuja kukitumia, halafu waambiwe wakisifie siku ya gwaride.

Baadhi yenu mtaajiriwa huko, na siku moja mtaletewa faili lenye muhuri mwekundu. Msilikimbie. Fungueni kiambatisho cha vipuri kabla ya ukurasa wa bei, muone ni cha miaka mingapi, na kimesainiwa na nani.

Mwenyekiti ameniambia tuna nusu saa ya maswali. Kanali uliyekaa safu ya tatu, umetikisa kichwa mara nyingi tangu nitaje mambo ya kamati ya Bunge. Tafadhali anza wewe.